Kisahani cha Kugeuzia Shilingi

Jumapili, 14 Machi 1993

Mvua bado. Mawingu yanakuja mpaka upande wa Juja, yanasimama hapo kama watu waliosahau walichotumwa, kisha yanarudi.

Leo binti yangu Kalondu ameniambia anataka kwenda Arusha kununua vitenge aje aviuze Thika. Atakwenda na Zubeida, mama mmoja wa Majengo mwenye meza sokoni. Aliniambia akiwa amenipa mgongo, anachagua mawe kwenye maharagwe. Mama yake pia alikuwa akiyasema mambo makubwa hivyo, mikono ikiwa katika kazi ndogo, ili usiweze kumtazama usoni ukamkataza.

Tulimzika mke wangu Wayua mwezi wa Januari, kwetu Matuu. Watoto wengine wawili tuliwazika zamani wakiwa wachanga. Katika chumba hiki cha Kiuu tumebaki mimi na Kalondu. Nikirudi kutoka kiwandani, yeye ndiye mtu pekee duniani anayeniuliza kama nimekula. Naandika waziwazi kwa sababu sina wa kumwambia: nikimpoteza na huyu, sijui nitakuwa naamka kwa ajili gani.

Zubeida alikuja alasiri kujitambulisha. Mwanamke mnene, sauti ya sokoni, bangili mpaka karibu na kiwiko. Nikampa chai, akaikataa, nikaona ameidharau nyumba. Alipoondoka Kalondu akaniambia, "Baba, ni Ramadhani." Hata hivyo sikumpenda.

Alhamisi, 18 Machi

Kutwa tulikunja makatoni ya mikebe ya nanasi. Sijamwambia ndiyo wala hapana.

Jumapili, 28 Machi

Idi imepita. Zubeida alituletea pilau katika sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa, akakaa kidogo tu. Wanaondoka kesho.

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Ana miaka ishirini na miwili, na tangu Januari amekuwa akilala akitazama ukuta. Mtaji ameupata kwa kuuza cherehani ya mama yake. Sikumuuliza ameinunua nani. Wayua alipokuwa akishona, nikiingia mlangoni, alikuwa analizuia gurudumu kwa kiganja, cherehani inanyamaza, ndipo ananisalimu. Hakuwahi kunisalimu cherehani ikilia. Mahali ilipokuwa pamebaki alama nne za miguu yake sakafuni.

Ijumaa, 2 Aprili

Amerudi, na mvua imerudi naye. Maji yanapita mbele ya mlango yakielekea relini.

Aliibiwa Namanga, ingawa yeye hasemi hivyo. Anasema alikosea. Mpakani kuna vijana wa kubadilisha pesa, wanakuzunguka kama nzi wa bucha, kila mmoja na kiwango chake. Mmoja akatoa kalkuleta yake mwenyewe, akabonyeza haraka haraka, akamwonyesha jibu, akamhesabia noti. Alipofika Arusha na Zubeida akamuuliza amepewa ngapi kwa kila shilingi yetu, ndipo walipogundua kwamba alichopata ni kama nusu ya haki yake.

Alileta vitenge vichache. Alivipanga kitandani kwa mama yake, akavikunja, akavipanga tena.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema, "Basi, umeona." Nilipomwona akivikunja, sikuweza.

Jumapili, 4 Aprili

Nimemtengenezea kadi. Nimekata kipande cha kadibodi ngumu, upande mmoja shilingi zetu, upande wa pili zao, kuanzia kumi mpaka elfu tano, kwa mwandiko mkubwa. Pesa zetu zinaanguka kila wiki, magazeti hayaachi kuandika, kwa hiyo niliwauliza watu watatu kiwango cha sasa ni kipi, nikachukua cha katikati.

Zubeida alikuja kumwona Kalondu. Akaishika kadi, akaigeuza huku na huku.

"Baba Kalondu, mkono wako mzuri. Lakini hii ni ya jana."

"Ya jana vipi?"

"Shilingi yetu inalala na bei moja, inaamka na nyingine. Utamwandikia kadi ngapi? Utamjaza mzigo wa kadi akose pa kutia vitenge."

Wakacheka wote wawili. Kalondu alicheka kidogo tu, lakini alicheka. Nikamuuliza Zubeida yeye hufanyaje. Akasema yeye huhesabu kwa soda. Anajua soda moja hapa ni bei gani na kule ni bei gani, basi kitenge kikiwa soda kumi na tano anachukua, kikiwa ishirini anaondoka. Lakini akakubali kwamba hiyo inamfaa mtu ambaye amekwenda miaka mingi na kunywa soda nyingi.

Nilisema basi anunuliwe kalkuleta. Kalondu akakataa. Anasema pale mpakani ukitoa kalkuleta wanajua wewe mgeni, na vidole vyake vikitazamwa na watu vinasahau kipi cha kuzidisha na kipi cha kugawanya. Anataka kitu cha kutazama ndani ya kunjo la leso bila mtu kujua.

Jumatano, 7 Aprili

Wazo lilinijia kwenye mashine. Visahani viwili vya kadibodi, kikubwa na kidogo, vimeshikwa katikati. Kikubwa kina shilingi zetu, kidogo zao. Unazungusha kile kidogo mpaka moja yetu itazamane na kiwango cha siku hiyo, na namba nyingine zote zinajipanga zenyewe. Kiwango kikibadilika, unazungusha tena. Kisahani kimoja cha siku zote.

Nimekijaribu. Hakifanyi kazi. Moja inakaa sawa na saba, lakini mbili haiendi kwa kumi na nne, inakwenda kwa nane. Nimepiga mistari upya mara nyingi, nafasi sawasawa kabisa, kwa rula ya chuma. Hapana.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu Apiyo, mlango wa tatu katika ploti yetu. Anafundisha hesabu sekondari, Ruiru. Nilikuwa sitaki kwenda. Wayua alipofariki majirani wote waliingia kutupa pole, hata wale tusiosalimiana nao, lakini yeye hakuingia. Niliweka jambo hilo moyoni.

Alikuwa anasahihisha mitihani. Akakitazama kisahani, akauliza ni cha nini, nikamweleza. Hakucheka.

"Mzee Munyao, wewe umepima kuongeza. Kutoka moja kwenda mbili umeweka hatua moja, mbili kwenda tatu hatua moja. Lakini pesa hapa hatuziongezi, tunazizidisha."

"Sasa nipime vipi?"

"Moja kwenda mbili ni mara mbili. Mbili kwenda nne ni mara mbili. Nne kwenda nane ni mara mbili. Ni kazi ile ile, basi ziwe na nafasi ile ile."

Akachora. Namba zinaanza zikiwa zimeachana, kisha zinasongamana kadiri zinavyokuwa kubwa, kama watu wanaokaribia lango. Akanipa kitabu cha majedwali, kile tulichokuwa tukikiita cha logi. Nilifika kidato cha pili na nilikuwa nimekitumia bila kujua ni cha kazi gani. Akanionyesha safu ya kutazama na namna ya kuigeuza kuwa pembe kwenye duara.

Nilishukuru, nikaondoka haraka. Alikuwa mpole, nami nilikuwa nimemwekea kinyongo tangu Januari.

Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili

Kanisani niliketi upande wa ukutani. Wayua alikuwa na mazoea ya kuweka peremende katika kitabu cha nyimbo, ananipa mahubiri yakiwa marefu.

Jumanne, 13 Aprili

Kimekamilika. Fundi viatu wa Githurai alinigongea katikati ile pete ya bati inayowekwa kwenye tundu za kamba za viatu. Nimekipaka nta ya mshumaa. Ni kipana kama kiganja.

Nilimfundisha Kalondu mezani. Nilimtajia kiwango, akazungusha. Nikamuuliza kitenge cha elfu mbili na mia moja zao ni ngapi kwetu, akasogeza jicho, akasema mia tatu. Nikauliza kingine, na kingine, naye hakukosea. Akachukua leso ya mama yake, akakificha ndani, akajifanya yuko mpakani, anapiga miayo huku anasoma.

"Baba, wataniita mchawi."

Ningetaka jioni hiyo iwe ndefu.

Ijumaa, 23 Aprili

Amerudi tangu saa nane. Nilimsikia akicheka nje na Zubeida kabla sijamwona. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu mama yake alazwe.

Yule kijana wa kalkuleta alimjia tena, akamwambia, "Sista, leo nakupa bei ya kindugu." Kalondu akafungua leso kama anatafuta senti, akatazama, akamwambia jibu lake kabla hajamaliza kubonyeza. Kijana akatazama kalkuleta yake kana kwamba imemsaliti. Zubeida alisimulia hayo mara mbili, na mara ya pili kijana huyo alikuwa amepata kigugumizi.

Faida ni ndogo lakini ipo. Kalondu amenunua sukari na kunitengenezea chai nzito. Wakati wote wa chakula cha usiku amesema Arusha hivi, Arusha vile. Kuna mlima unaouona ukiwa sokoni. Kuna mama anayepangisha vyumba na ana bustani ya maua mbele.

Nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi. Lakini kila alipolitaja jina la mji huo nilihisi kama mtu anayesikia mlango wa chumba kingine ukifunguliwa.

Jumatatu, 3 Mei

Ameondoka tena. Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Chania imejaa, maji rangi ya chai ya maziwa.

Jumatano, 5 Mei

Inanyesha.

Alhamisi, 6 Mei

Inanyesha. Kiwandani makaratasi yamelowa hata yakiwa ghalani, mashine zinakwama. Nilikula mkate mkavu, hakuna aliyeniuliza.

Jumapili, 16 Mei

Kalondu alirudi tarehe saba na furushi kubwa kuliko yote. Ameuza wiki nzima sokoni Thika. Jana jioni alikaa chini kuhesabu, na alipomaliza alikaa vile vile.

Amepata hasara, na si ndogo. Mtaji ule wa cherehani umeliwa karibu wote. Hajui namna ilivyotokea. Kule Arusha kila kitenge alichokichukua alikipima kwenye kisahani, kikaonekana rahisi, akanunua akijiona mjanja. Kumbe kila kimoja alikinunua ghali kuliko anavyoweza kukiuza hapa. Zubeida alinunua siku hiyo hiyo, maduka yale yale, akaacha vingi ambavyo Kalondu alivichukua. Alidhani Kalondu ana wateja maalumu, hakutaka kumwingilia.

"Nilisoma vibaya, Baba. Kisahani kiko sawa, ni mimi. Mimi si mtu wa hesabu, tangu shule. Sitaenda tena."

Nilimwambia pole. Nilimwambia si neno, nina mshahara wangu, tutakula.

Halafu nimelala. Kwa mara ya kwanza tangu Januari nimelala mpaka asubuhi bila kuamka. Naandika hili ili lisije likajificha: nilifurahi kwamba ameshindwa.

Jumanne, 18 Mei

Yuko nyumbani. Amepika isyo, mahindi na maharagwe. Amenikaribisha mlangoni.

Alhamisi, 20 Mei

Yuko nyumbani. Inanyesha.

Ijumaa, 21 Mei

Yuko nyumbani. Zubeida alikuja kumwona, Kalondu akajifanya amelala.

Jumapili, 23 Mei

Kalondu alikwenda kisimani, nikakitoa kisahani kwenye mfuko wake. Nilitaka kukitazama tu. Nilikuwa nikikionea fahari.

Kilikuwa kimejikunja. Kile kikubwa kimepinda kwa upande mmoja kama jani kavu, kile kidogo kimepinda kwa upande mwingine, na katikati pete ya bati imebaki inacheza. Nilikizungusha mpaka kiwango cha mwanzo wa mwezi huu, nikakiinamisha kidogo, kama mtu anavyokiinamisha kukisoma ndani ya leso. Kile kidogo kikateleza chenyewe. Kiliacha sita kikaenda kusimama karibu na saba. Nikakirudisha, nikakiinamisha, kikateleza tena.

Kadibodi ina nyuzi, kama ubao. Ikilowa inajikunja kufuata nyuzi hizo. Vipande viwili vikikatwa nyuzi zikiwa upande mmoja, vitajikunja pamoja na vitaendelea kushikana. Vikikatwa nyuzi zikipishana, kila kimoja kitakwenda njia yake. Kila mtu mpya anayeletwa kwenye mashine yangu, jambo la kwanza ninalomwambia, kabla hata sijamuuliza jina, ni tazama nyuzi. Na visahani vya mwanangu nimevikata vimepishana, kwa sababu siku ile nilikuwa nabana kadibodi ipate kutosha, na mawazo yangu yalikuwa kwenye logi za Mwalimu.

Kalondu hakukosea hata mara moja. Alisoma sawasawa kitu kilichokuwa kikimwambia uongo. Kilimwambia shilingi yetu inanunua saba wakati inanunua sita, na kila bei ikaonekana rahisi.

Nilisikia ndoo yake nje. Nikakirudisha mfukoni.

Aliingia, akaniuliza kama nataka chai. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 24 Mei

Sijamwambia.

Jumanne, 25 Mei

Sijamwambia. Anajua kupika mboga sasa kama mama yake, anatia chumvi mwishoni.

Jumatano, 26 Mei

Nilimrudishia Mwalimu Apiyo kitabu chake. Alinikaribisha niketi. Mvua ilikuwa kubwa, hatukuweza kusikizana vizuri, kwa hiyo tulingoja ipungue. Kisha akasema kuna jambo amekuwa akitaka kuniambia. Mama yake alifariki Disemba, kwao Siaya, na alipotuona tukileta viti na kuwasha moto nje, alifika mpaka mlangoni petu akarudi. Alifika mara nyingi. Hakuweza kuvuka.

Nilimwambia pole. Nilimwambia pole kama mtu aliyeachwa na basi.

Halafu akasema, "Kalondu alikuja kwangu jana. Aliniuliza kama kuna watu ambao kichwa chao hakiwezi kushika hesabu kabisa. Alitaka nimwambie ukweli."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia wapo wachache sana, na yeye simuoni kati yao. Hakuniamini."

Nikarudi nyumbani. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama yake, mahali pale pale, mikono imelala mapajani viganja juu, kama vyombo vilivyooshwa vikaachwa vikauke. Wayua aliketi hivyo mwezi wa mwisho.

Ijumaa, 28 Mei

Inanyesha.

Jumapili, 30 Mei

Nimemwambia.

Nilikiweka kisahani mezani, nikamwomba akishike. Nikamwonyesha kilivyojikunja, nikakiinamisha, akaona kilivyoteleza. Nikamweleza nyuzi. Nikamwambia kosa ni langu, la mikono yangu, na kwamba yeye alisoma vizuri tangu mwanzo hadi mwisho.

Alikiinamisha mwenyewe mara kadhaa.

"Ulijua lini?"

"Jumapili iliyopita."

"Wiki nzima."

"Ndiyo."

"Na mimi nikijiita mjinga."

"Nilikuwa nasikia."

"Kwa nini, Baba?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilisema moja tu, kwamba nilitaka abaki.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kwa muda mrefu, namna mtu anavyomtazama mgonjwa, kisha akakitia kisahani jikoni kwenye makaa. Kiliwaka haraka kwa sababu ya ile nta.

"Tengeneza kingine," akasema. "Kisichokunywa maji."

Jumanne, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka, hatukwenda kazini. Tumetafuta kitu kisichokunywa maji. Bati linakata vidole na linang'aa, litaonwa. Plastiki ya mtungi haikubali mistari myembamba. Nilikuwa nataka kukata tamaa, Kalondu akainama, akaingiza mkono chini ya godoro la mama yake, akatoa ile picha ya eksirei ya kifua aliyopigwa mama yake hospitali.

Nilimwambia hapana.

"Baba, unakumbuka siku walipompa? Mlitoka hospitali mvua ikawapata njiani. Akajifunika nayo kichwani. Bahasha iliyeyuka yote, mkaja nayo vipande vipande. Picha haikufanya kitu."

Nakumbuka. Alisema angalau kifua chake kimefaa kazi moja.

"Haijikunji," Kalondu akasema. "Haina nyuzi."

Nilimwambia kwamba ndiyo picha pekee ya mama yake tuliyo nayo zaidi ya ile ya kitambulisho. Akasema anajua. Akasema ndiyo sababu.

Jumapili, 6 Juni

Sikuweza kukata. Kalondu ndiye aliyekata, kwa mkasi wa kushonea wa mama yake, akifuata maduara mawili niliyochora. Nilimwomba aiepuke ile sehemu nyeupe ambayo daktari aliigusa kwa kalamu. Kilichoingia kwenye visahani ni mbavu za upande wa kulia na kipande cha bega.

Mistari niliikwaruza kwa sindano ya bikari. Weusi unatoka, mwanga unapita, kila mstari unang'aa kama uzi. Nimetumia namba za Mwalimu. Fundi viatu alipogonga pete katikati alikiinua kutazama jua, akauliza, "Mzee, huyu ni nani?" Nikamwambia ni mke wangu. Akakataa malipo.

Kinazunguka taratibu na kinakaa pale unapokiacha. Nilikiinamisha, nikakitingisha, nikakimwagia maji. Nilijaribu kwa moyo wangu wote kukikuta na kosa. Hakina.

Jumatatu, 7 Juni

Zubeida amemkopesha mtaji, bila maandishi. Nilikwenda Majengo mwenyewe kumshukuru. Alikuwa amekaa kibarazani anasuka ukili, hana zile bangili. Akaniambia yeye alifiwa na mume mwaka wa themanini na nane, na kilichomtoa kitandani ni mtu kumwambia njoo tukanunue vitenge. "Sikuchukulii mtoto, Baba Kalondu. Nilimwona anazama." Safari hii nilikunywa chai yake.

Jumatano, 9 Juni

Ameondoka saa kumi na moja alfajiri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mvua ilikuwa imekatika usiku na kulikuwa na baridi.

Jumanne, 15 Juni

Bado.

Alhamisi, 17 Juni

Zubeida amerudi peke yake. Alikuja moja kwa moja kutoka stendi, mizigo ikiwa bado mgongoni, ili nisisikie kwa mtu mwingine. Kalondu hana neno. Ameuza na kununua vizuri, deni amelilipa lote. Yule mama mwenye maua amempa chumba, na kuna meza sokoni ambayo mwenyewe alikuwa anaiacha. Atakaa kwanza.

Niliuliza mpaka lini. Zubeida akaweka mizigo chini. Akaketi kwenye kiti changu akanyamaza pamoja nami mpaka giza likaingia. Ni mwanamke wa sauti kubwa na sikujua anaweza kunyamaza hivyo.

Jumapili, 20 Juni

Sina la kuandika.

Jumatano, 23 Juni

Mwalimu Apiyo ameniletea mboga. Alivuka mlango.

Jumamosi, 3 Julai

Baridi. Rasharasha tu, hii si mvua tena. Wakulima wa Ruiru wanasema msimu umekwisha. Nimekunja godoro la Wayua na kitanda kimebaki chaga tupu.

Jumapili, 11 Julai

Zubeida amekuja na salamu. Kalondu amenenepa kidogo. Watu wa sokoni wanamwita Mkamba na wanampenda. Amenitumia kitenge cha shuka na ameagiza niulizwe kama nakula.

Nikamwambia amwambie nakula.

Nikamuuliza kama kisahani kinashika vizuri, kama pete haijalegea. Akaanza kukunja kitambaa chake.

"Amekitundika dirishani, Baba Kalondu. Jua likipita unaona mbavu. Ni kizuri sana pale."

"Hakitumii?"

"Hageuzi tena. Siku hizi anahesabu kwa pesa za kule kule."

Nilielewa. Nilikuwa nimetengeneza kitu cha mtu aliye safarini, anayetazama kila bei na kuuliza hii nyumbani ingekuwa ngapi. Yeye hana haja ya kuuliza tena. Sikuwa nimelifikiria hilo nilipokuwa nakwaruza ile mistari. Niliogopa kiteleze, niliogopa kilowe, niliogopa apotee njiani. Sikuogopa kwamba siku moja kingekuwa sahihi na hakina kazi.

Zubeida alipokuwa anaaga nilimuuliza mkate kule ni bei gani. Akanitajia kwa pesa zao, akajifunika kichwa, akakimbia maana rasharasha ilikuwa inaongezeka.

Nimeketi na ile bei tangu jioni. Nilitaka tu kujua kama mwanangu anakula mkate ghali au rahisi. Sikukijua kiwango cha leo, na kisahani nilikitengeneza kimoja.